Mteremko wa Magamba ya Mgomba

Nilimpulizia meneja filimbi usoni. Mara tatu, kwa nguvu zangu zote, mbele ya wazazi waliotoka misa ya Jumapili na watoto wao. Alikuwa karibu mno, mate yangu yakatua kwenye miwani yake.

"Wewe dada, una kichaa?"

"Muda wako umekwisha, bosi. Shuka."

Ndivyo alivyonifundisha niwaambie watoto.

Juu ya mteremko alikuwepo binti wa kama miaka sita, amekaa ndani ya gamba bichi la mgomba, kashika kingo zake kwa mikono miwili. Hakuwa ameteleza hata mara moja. Alikuwa anaogopa. Na meneja alikuwa ametoka kuniambia, "Huyo anakula muda tu. Mpigie filimbi ashuke, aende kwenye jumba la upepo la kurukia kule." Nilipompulizia yeye badala ya mtoto, mlinzi akapanda, akamnyanyua binti kama mzigo. Mtoto akalia mpaka getini.

Mteremko ule niliubuni mimi. Bustani ya michezo iko hapa Bukoba, kampuni ni ya Dar, na mimi niliajiriwa kufagia na kuangalia watoto wasigombanie bembea. Nimeishia kidato cha nne. Ila nimekulia Muleba, kwenye kibanja cha mama yangu, shamba la migomba kuzunguka nyumba, na huko mkungu ukishakatwa, gamba la shina ni letu sisi watoto. Unalibandua bichi, unakalia upande uliobonyea, unajiachia kilimani. Bustanini nyuma ya vyoo kulikuwa na mteremko wa nyasi ambao hakuna aliyeutaka. Nikaomba magamba kwa wakulima wa Nyanga, nikayapakia kwenye bodaboda.

"Mama, unahamisha shamba?" dereva wa bodaboda aliniuliza.

"Endesha."

Nikamwagia nyasi maji. Nikaweka kanuni moja tu: hakuna kumsukuma mwenzako, kila mtu anashuka akiwa tayari. Basi. Mtoto anaweza kukaa juu pale hata nusu saa, wenzake wanamshangilia, wanamzomea, anainuka, anakaa tena. Kisha anajiachia, na ukelele wake unausikia mpaka barabarani. Woga ule ndio mchezo. Ukiuondoa, umebaki na mtoto aliyekalia taka za shambani.

Meneja mwanzoni alipiga picha, akazituma Dar. Halafu akaona watoto hawatoki kwenye mteremko. Waliingia kwa tiketi ya getini tu, wakateleza mchana kutwa, na treni ya watoto, yenye tiketi yake, ikazunguka tupu. Ndipo akaja na filimbi nyekundu yenye kamba, akanivika shingoni kwa mkono wake. Dakika kumi, mtoto ashuke, aende penye tiketi nyingine. Nikapuliza wiki nzima. Sijivunii hilo.

Baada ya ile Jumapili nikahamishiwa stoo, kufuta vigari vya watoto. Stoo haina dirisha. Nasikia filimbi, anapuliza mwenzangu sasa, na nikiisikia najua kuna mtoto aliyekuwa karibu kuthubutu. Nilimfuata dada anayeuza bisi, rafiki yangu, tuandike barua pamoja.

"Mwenzangu, mimi nina watoto."

"Na mimi ninaye."

"Basi mfikirie wako."

Kuanzia siku hiyo chakula cha mchana yeye na wafanyakazi wenzetu wanakula upande ule, mimi nakula huku. Nikirudi Kagondo, kwenye chumba changu cha kupanga, ninaye binti yangu wa miaka minne tu wa kumsimulia, naye husinzia katikati ya maneno. Baba yake yuko Mwanza, simu hapokei. Nikampigia mama.

"Mwana wange, kwani mteremko ni wako?"

Nikakata simu. Nililia kwa hasira, kisha nikachana karatasi kwenye daftari nikaandika. Asubuhi nikaipeleka ofisini. Katibu muhtasi akasoma kichwa cha barua, akacheka.

"Malalamiko ya filimbi?"

"Gonga muhuri, dada. Nakala nyingine naipeleka ofisi ya kazi."

Akagonga.

*Kwa Mkurugenzi. YAH: MALALAMIKO KUHUSU FILIMBI KWENYE MTEREMKO.*

*Mimi ni mfanyakazi wa bustani yenu ya Bukoba. Nalalamikia agizo la kuwashusha watoto kwa filimbi. Jumapili iliyopita mtoto alishushwa kabla hajateleza. Sikatai kwamba nilimpulizia meneja. Kwa hilo niadhibiwe. Lakini mchezo huu niliubuni mimi, na kanuni yake ni kwamba mtoto anashuka akiwa tayari. Naomba agizo lifutwe. Kama hilo haliwezekani, yatoeni magamba, muache nyasi, kwa sababu mnachokiuza sasa sicho nilichokitengeneza. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Wenzangu wameogopa kusaini, kwa hiyo nasaini peke yangu.*