Chupa Mbili za Kahawia

Mwaka jana nilishuka Busia nikielekea arusi ya mpwa wangu, nikapanda bodaboda iliyozimika kabla hatujaupita hata msururu wa malori. Kijana mwendeshaji hakuhangaika. Alifungua kiti, akatoa kidude chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akazigusisha kwenye betri, namba zikatokea. Akapiga kiki mara kadhaa mpaka injini ikakubali, akapima tena ikiwa inaunguruma. "Mama, chaji iko sawa," akaniambia. "Ni betri tu ndio imekufa." Yote hayo hayakuchukua muda wa kumenya chungwa. Mimi nilikuwa nimeukumbatia mkoba wangu kwa hofu, mwanamke wa umri huu, kwa sababu ya betri ya mtu nisiyemjua. Wewe cheka tu, lakini ukimaliza kucheka nisikilize.

Tulikaa Kirewa, upande wa Tororo, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Baba alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ndogo. Watu walimwita Daktari, naye hakuwasahihisha. Zahanati ilikuwa na pikipiki moja nyeusi ya Kiingereza, na kila Alhamisi Baba aliiendesha hadi Tororo mjini kuchukua dawa. Ilikuwa pikipiki nzuri lakini yenye deko: bila betri haiwaki. Ungeisukuma mpaka jasho likuingie machoni, nayo ingekutazama tu. Na Alhamisi isiyokuwa na pikipiki ilimaanisha wagonjwa kukaa kwenye mabenchi wakitazama kabati tupu. Nilikuwa nimekwisha kuona Alhamisi mbili za namna hiyo, na mojawapo iliishia kwa kilio katika boma la jirani.

Betri yenyewe ilikuwa ndogo, ya volti sita, yenye vifuniko vitatu juu. Joto hukausha maji yake, kwa hiyo kila Jumamosi ilibidi kuyaongeza, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Si ya kaka zangu, yangu. Baba alisema kaka zangu wana mikono ya kulimia. Maji yalikuwa ya mvua peke yake, yaliyokingwa kwenye mabati ya zahanati baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi la paa, kisha yakatiwa kwenye chupa ya dawa, ile ya kahawia. "Maji ya kisima yana chumvi ya ardhi," Baba alikuwa akiniambia, "na betri haili chumvi." Nilikuwa na miaka kumi, na nilitembea na chupa ile nikijiona mtu mkubwa mno.

Sasa njoo jikoni kwa Bibi. Bibi alikuwa Msamia, kabila la pande zote mbili za mpaka, na kwake mboga bila magadi ya majivu haikuwa mboga. Alichoma maganda ya maharage, akayatia majivu katika chungu chenye matundu chini, akayamwagia maji kidogokidogo, na kilichodondoka kilikuwa maji mepesi yenye ukali wa kuuma ulimi. Kijiko kimoja katika mrenda au kunde, mboga inalainika na nyumba nzima inanukia. Aliyahifadhi wapi? Katika chupa za dawa za kahawia ambazo Baba alimletea zikiisha kazi. Chupa yake ilikaa rafu ya chini, yangu rafu ya juu, na mambo yalikwenda vizuri kwa miaka, mpaka siku Bibi alipopaka ukuta wa jiko udongo mpya na kuzirudisha chupa bila kukumbuka ya nani ilikuwa wapi.

Ilikuwa kiangazi, maji ya betri yameshuka sana. Nilichukua chupa ya rafu ya juu, nikafungua vifuniko, nikamimina. Betri ikalia. Ilisema chwaa, povu jeupe likapanda kwenye matundu yote matatu. Nilinusa chupa, nikajua papo hapo. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilifuta povu kwa kitambaa, nikafunga vifuniko, nikarudisha chupa mahali pake, nikaenda kupepeta mtama kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana nyumbani kwetu.

Jumatatu Baba alipiga kiki mpaka goti likamuuma. Taa ya mbele haikutoa hata wekundu. Ndipo bahati yangu mbaya, au nzuri kama nilivyoiona siku ile, ikajileta: wiki iliyotangulia Baba alikuwa ameipeleka pikipiki kwa fundi wa Busia ili waya za chaji zitazamwe. Fundi huyo alikuwa mtu wa upande wa Kenya, aliyevuka kila siku na sanduku lake la vyuma nyuma ya baiskeli, kwa sababu wateja wake wengi walikuwa huku kwetu. Jirani yetu mwenye duka alisimama kwenye uzio, akasikiliza kiki mbili tatu, akatoa hukumu.

"Daktari, wamekubadilishia betri," alisema. "Hawa watu ya ng'ambo mimi najua. Alitoa yako mzuri, akaweka mzee."

Baba hakuwa mtu wa kusadiki haraka, lakini kufikia jioni alikuwa amesadiki, akatuma mtu kumwita fundi. Jirani akaongeza kwamba lisemwalo lipo, na kwamba dawa yake ni kumpeleka fundi kwa mkuu wa gombolola, mwenye serikali ya eneo letu, ili asikanyage tena upande wetu na sanduku lake. Bibi akauliza kama kuna aliyemwona akibadilisha. Nilikuwa nimekaa karibu na mafiga, nikisikia yote. Mtu angenyang'anywa kazi yake yote kwa ajili ya chupa yangu, nami nilikuwa naomba Mungu asifike, augue, baiskeli yake ipasuke mpira njiani.

Alifika Jumatano asubuhi, umande haujakauka. Alikuwa mwanamume mwembamba, mrefu, mwenye kucha nyeusi za oili ambazo sabuni ilikuwa imezikatia tamaa. Aliegemeza baiskeli, akavua kandambili zake pembeni mwa uwanja uliofagiliwa, akamsalimu Bibi kwa Kisamia kabla ya kumsalimu mtu mwingine. Kisha akanawa mikono kwenye mtungi mlangoni mwa jiko. Jirani na watu wengine watano sita walikuwa wamekwisha kufika, na Baba akamwambia mashtaka mbele yao wote, kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwa Baba lilikuwa baya kuliko kupiga kelele.

"Nimesikia, Daktari," fundi akasema. "Tupime kwanza. Maneno yatatungoja."

Alianza na balbu ndogo iliyofungwa waya mbili. Akaigusisha kwenye vichwa vya betri: kiza. Akavikwangua vichwa kwa kisu, akagusa tena: kiza. Akatoa bomba la kioo lenye mpira juu na kijiti kinachoelea ndani, akafyonza maji ya betri. Kijiti kilizama mpaka kwenye alama nyekundu, alama ya betri iliyokufa. Alirudia tundu la pili na la tatu, kila mara akimwonyesha Baba. Jirani alicheka puani. "Si niliwaambia? Mzee huyo."

Fundi akafungua sanduku, akatoa betri yake mwenyewe, akaifunga kwenye pikipiki. Kiki moja tu, ikaunguruma. Akamwita Baba atazame saa ndogo ya kupimia chaji juu ya taa. Aliwasha taa, akavuta mafuta, mshale ukapanda upande wa kujaza ukakaa pale. Akatikisa waya moja moja, mshale haukuyumba. Basi dainamo ilikuwa nzima, waya zilikuwa nzima, kazi aliyoifanya wiki iliyopita ilikuwa safi. Lakini unaona mtego? Kadiri alivyothibitisha kuwa chaji ni nzuri, ndivyo betri ilivyobaki peke yake na hatia, na betri ndiyo aliyosemwa ameiiba. Alikuwa akijifungia kamba kwa mikono yake mwenyewe, na mtu pekee aliyeweza kuifungua alikuwa mimi, nimeshika ufagio ambao haukuwa ukifagia chochote.

Alizima injini. Akachuma ubua wa nyasi, akauchovya katika tundu la betri, akaugusisha ncha ya ulimi. Mafundi wa zamani walifanya hivyo, usijaribu. Maji ya betri ni makali ya kuchachuka, husokota uso mzima. Uso wa fundi haukusokoteka. Alitema mate, akasukutua. Alikuwa Msamia, amelishwa mrenda tangu hajaota meno. Ulimi wake ulimwambia kitu ambacho bomba la kioo lisingeweza.

"Nani hutia maji?" aliuliza.

"Binti yangu," Baba akajibu.

"Basi atuletee chupa anayotumia."

Kutoka uwanjani hadi jikoni ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu mara nyingi tangu hapo. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya udongo mpya. Chupa mbili zilinitazama, moja juu, moja chini. Ya mvua ilikuwa safi, bila kosa: ningeitoa, wangeionja, fundi angeandamana na jirani hadi kwa mkuu wa gombolola, nami Jumamosi ningeendelea kuwa mtu mkubwa. Ya magadi ilikuwa fimbo, aibu, na mwisho wa kazi yangu. Nilikaa mle muda mrefu mpaka Bibi akaniita. Nilipotoka chupa iligonga fremu ya mlango.

Nilikuwa na ile ya magadi.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake. Hakunisumbua kwa maswali. Alifungua kifuniko kimoja cha betri yake nzima, akafyonza matone ya maji makali kwa bomba, akayadondosha juu ya jiwe, akamimina magadi juu yake. Chwaa. Povu jeupe. Watu wote walisikia ukali wa betri ukifa juu ya jiwe.

"Haya ni maji ya mboga yangu," Bibi akasema, akaweka mkono kichwani. "Ni mimi niliyezihamisha chupa."

"Lakini mimi nilijua tangu Jumamosi," nikasema. Sijui nilipata wapi sauti. "Ililia, nikanyamaza."

Baba alinitazama mpaka nikatamani anipige upesi. Hakunipiga. Alimgeukia fundi, mbele ya wale wote, akamwambia, "Nimekukosea, ndugu yangu. Nisamehe." Sikuwahi kumsikia Baba akiomba msamaha kabla ya hapo, na baada ya hapo nilimsikia mara moja tu. Jirani alikumbuka ghafla kwamba ameacha duka wazi.

Fundi aliyamwaga maji ya betri ile shimoni, akaisuuza kwa maji ya mvua, nikimmiminia mimi, akaitia maji makali mapya, akaondoka nayo kwenda kuichaji. Yake aliiacha kwenye pikipiki, na Alhamisi Baba akaenda Tororo. Ile yetu ilirudi, ikaishi miezi michache kwa kuchechemea. Jumamosi iliyofuata nilijificha nyuma ya jiko, nikijua kazi imekwenda kwa kaka yangu. Baba aliniita kwa jina, akanipa chupa ya mvua iliyofungwa kitambaa chekundu shingoni.

Nilimwona fundi tena nikiwa msichana mkubwa, ninasomea ualimu. Nilipita karakana yake upande wa Kenya nikaingia kumwamkia. Alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu, lakini alinikumbuka. Nikamuuliza jambo lililonikaa moyoni: kama ningetoa ile chupa nyingine, angefanya nini? Maana alikuwa ameshajua.

"Uliitoa," alisema.

Ni kweli, rafiki yangu, nami sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata wewe nilitaka kukuficha. Mara ya kwanza nilikuja mpaka mlangoni na chupa ya mvua. Nikasimama pale na mguu mmoja nje. Kisha nikaona kandambili zake zimepangwa pembeni mwa uwanja wetu, nikarudi ndani.

"Nilikuona," akaendelea. "Niliponawa pale mlangoni nilikuwa nimeona chupa zote mbili. Nikakuona umesimama. Basi nikainama nikajifanya natafuta waya sandukuni, ili usijue umeonwa."

"Na kama nisingerudi?"

"Ningesema ni kweli, betri mbovu ni yangu, nimletee baba yako nyingine, nirudi kwetu. Nilikuja kupima betri, mama. Sikuja kupima mtoto."

Karakana ile sasa ni kibanda cha kubadilishia fedha. Bibi hayupo, Baba hayupo, wajukuu zangu hutia mboga magadi ya dukani yaliyofungwa katika karatasi. Betri za siku hizi zimezibwa, hazina kifuniko cha kufungua wala maji ya kuongeza, na yule kijana wa bodaboda alinionyesha hivyo kwa fahari. Nilimsifu, maana kidude chake kilisema kweli kwa namba mbili tu. Kisha nikamuuliza kama ana mtoto, akasema anao, wa miaka minane. Nilitaka kumwambia habari ya mtu aliyeinama sandukuni akitafuta waya ambao hakuuhitaji, lakini injini ilikuwa imekwisha kuwaka, na alikuwa na haraka.