Makochi Barazani, Mito Sakafuni

Napenda mito ya mapambo. Nimeona niiandike sentensi hiyo peke yake kwanza, kabla sijaanza kuizungushia maelezo, maana kwa miaka mingi nimeikana. Mgeni akiuliza, nilisema mito ilikuja na kochi. Mwingine nilimwambia nimeachiwa na rafiki aliyehama. Niliwahi hata kuandika insha, nikaisoma mbele ya watu waliokalia viti vya chuma, nikiwacheka wanawake wenzangu wanaonunua mito isiyolaliwa na mtu. Nilipigiwa makofi. Insha yenyewe niliiandika nikiwa nimeegemea mto wa mahameli wa rangi ya haradali.

Sasa nimechoka kukana. Mikubwa naiweka nyuma, midogo mbele, na katikati mmoja mrefu wa kitenge nilioushona mwenyewe. Siipangi miwili miwili, kwa sababu mito iliyopangwa miwili miwili hufanana na wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Kila asubuhi kabla ya chai naupiga kila mmoja katikati kwa ubavu wa kiganja, ubonyee, ubaki na masikio mawili juu. Wapambaji wa nyumba ndivyo wanavyofanya, nami nimewatazama kwenye simu kuliko nilivyopata kuwatazama wahadhiri wangu.

Dada yangu alipokuja kunitembelea kutoka mji wa Columbus alinikuta katika ibada hiyo. Alisimama mlangoni, koti la baridi bado mwilini.

“Umekukosea nini?”

“Nani?”

“Huo mto. Naona unauchapa.”

Wapo watu wema, wengi wao wasomi kama mimi, ambao wakisikia kwamba nilitoka Uvira, Kongo, nikapitia kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kufika Buffalo, Marekani, huitazama mito yangu kwa huruma na kusema, ah, kumbe ndiyo maana. Siyo ndiyo maana. Kambini tulikosa mengi, lakini sikuwahi kuota mto. Niliota chuo kikuu. Mito niliipenda nikiwa mtu mzima, na akili zangu timamu, katika duka la mitumba hapa hapa Buffalo, na nadai haki yangu ya kupenda kitu cha kipuuzi bila kukiombea ruhusa kwa vita.

Dada hakuwa na huruma ya namna hiyo. Yeye aliitazama sebule yangu kwa macho ya mtu anayehesabu makalio.

“Wakija watu wa maombi, wanakaa wapi?”

“Kwenye makochi.”

“Makochi yapi? Mimi naona mito.”

Lazima nieleze kwamba kwetu sebule si mali ya mwenye nyumba. Ni ya maombi, ya posa na ya msiba. Ndiyo maana karibu kila familia yetu, iwe mtaa wa West Side au huu wa Black Rock ninapokaa, ina seti ile ile ya makochi ya kahawia yaliyovimba, yamesukumwa hadi ukutani pande zote, na katikati uwanja mtupu, utadhani pana ngoma jioni. Nami nilikuwa nayo. Yalikuwa na kina kirefu kiasi kwamba ukiketi magoti yanakuja usoni, na kuinuka ni mpaka uvutwe.

Mwaka ule tulikuwa tukimgombea mama, ndiyo sababu hesabu ya makalio ilikuwa na uzito. Mama alikuwa mji wa Louisville kwa kaka yetu mkubwa. Kaka na mkewe walifanya kazi ghala moja kwa zamu, na mama alishinda peke yake na televisheni inayosema lugha asiyoijua. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Kaka akasema wazi kwamba mama hawezi kuendelea kukaa hivyo, aende Columbus au aje Buffalo, sisi wawili tuelewane.

Nilimtaka mama. Nilimtaka kwa uchoyo, nikiwa na nywele za mvi na shahada ukutani, kama mtoto anayetaka kubebwa yeye na si mwenziwe. Wanangu walikuwa wamekua wakaondoka. Kazi yangu ni ukalimani wa simu, ninaifanyia nyumbani, mchana kutwa nipo. Dada yeye anahudumia wazee wa Kimarekani, anawaogesha, anawalisha, anarudi kwake mgongo umekatika. Nikaona hii si kesi hata ya kusikilizwa.

Ila dada alikuwa na silaha moja, na aliitumia tukiwa sote watatu kwenye simu.

“Wewe huna watu,” aliniambia. “Una mito.”

Maneno yale yalinitisha, kwa kuwa sote tulijua maana yake. Mzee wa kwetu hahami kwa kufuata chumba chenye joto. Anajiuliza kimoyomoyo: siku yangu ikifika, nani atakaa chini kwa ajili yangu? Columbus mama akipiga chafya tu, sebule inajaa. Mimi kanisani nilikuwa mtu wa kuchelewa kuingia na kuwahi kutoka. Mama mwenyewe, kila alipoulizwa anataka kwenda wapi, alijibu, “Nitasema,” kisha akaomba chumvi.

Mwanamke mwenye busara angeanza kukaa kanisani mpaka chai ya baada ya ibada. Mimi niliamua kupamba.

Nilijishawishi kwamba ni kwa ajili ya mama, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Niliagiza kochi jembamba, la miguu mirefu na kiti kigumu, ambalo mtu mwenye magoti mabovu angeweza kuinuka bila kuvutwa. Siku moja kabla halijaletwa, Jumamosi, theluji ya Machi ikiwa imebaki mafungu meusi kando ya barabara, niliwaomba vijana wa jirani wanitolee makochi ya zamani hadi barazani. Kisha nikateremsha mito yote, nikaipanga sakafuni kuzunguka kuta, nipate kuona rangi ipi inakaa vizuri na ipi. Nilikuwa nimejifunga kitenge kiunoni na kitambaa kichwani. Vumbi la miaka lililotoka kwenye makochi yale lilinipandisha mafua ya ghafla, nikatoka nje kupata hewa, nikasimama barazani kati ya makochi nikijifuta machozi.

Mama mmoja wa kanisani alipita na gari, akapunguza mwendo. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, mito inaonekana. Alinipungia mkono polepole. Nami nikampungia polepole, pua imeziba. Akaondoka. Nikadhani ana haraka.

Msomaji aliyelelewa kwetu ameshashika kichwa. Mimi niliyelelewa huko huko, nikaongezewa na chuo kikuu, nilirudi ndani kupambanua haradali na kijani. Kwetu mtu akifiwa, makochi hutolewa nje, magodoro na mikeka hutandikwa chini, na wafiwa hukaa sakafuni. Ukiona hivyo, hupigi hodi kuuliza. Mfiwa hahojiwi, na msibani haiendwi mikono mitupu. Unageuza gari, unawaita wenzako, unabandika maharage. Na marehemu hawakumkisia mbali: niliwahi kuwaomba kanisani wamwombee mama yangu magoti.

Alasiri magari yalijaa mbele ya nyumba. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mchungaji, mke wa mchungaji wetu, sufuria mikononi imefungwa kwa kitenge. Aliiweka chini, akapiga ukelele uliotikisa vioo.

“Mama yetu weee! Mama yetu ametuacha!”

Nyuma yake kina mama wakaitikia. Nilikumbatiwa kutoka pande nne.

“Mama gani?” niliuliza nikiwa kifuani mwa mtu.

“Lia, dada. Usijikaze.”

“Lakini mimi sijafiwa.”

“Njo vile,” mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kujua. “Siku ya kwanza kichwa kinakataa.”

Wakaketi juu ya mito. Ule wa mahameli, ambao nilikuwa sijamruhusu hata mwanangu kuuegemea na nywele zenye mafuta, ulichukuliwa na mama mmoja mnene aliyeupeleka panapohusika bila kusita. Wimbo ukaanzishwa. Kila nilipofungua kinywa kueleza, mkono uliniangukia mgongoni na sauti ya kuimba ikapanda. Na nitasema hili bila aibu: katikati ya kilio kile nilitazama kuta mpaka kuta, vitenge vyao na mito yangu, nikaona kwamba mpangilio wangu wa rangi ulikuwa sahihi kabisa.

Simu ikalia. Dada, kutoka Columbus, anapiga mayowe.

“Kwa nini nasikia kwa watu wa nje? Mama amekufa lini? Mdogo wangu, kwa nini nasikia kwa watu?”

“Hajafa!”

“Mbona nasikia wanaimba?”

Kabla sijamjibu, kaka naye akawa anapiga kutoka Louisville. Nikampokea, nikaweka sauti ya juu, nikainua simu juu ya kichwa changu.

“Nani amekufa?” aliuliza kaka.

“Hakuna.”

“Mama yuko hapa mbele yangu anakunywa uji. Watu wananipigia kunipa pole, na yeye anauliza ni pole ya nini. Nimwambie nini?”

Wimbo ulikatika. Mama mchungaji akanigeukia.

“Donc, basi hajafa.”

“Hajafa.”

“Na makochi?”

“Nabadilisha makochi.”

“Na kukaa chini?”

“Hakuna aliyekaa chini. Nilikuwa napanga mito.”

Mama aliyepita na gari alijifunika uso kwa kitenge. “Mi niliona makochi inje, naye analia. Sasa ningefikiri nini?”

Aliyeanza kucheka ni yule wa juu ya mahameli. Alicheka mpaka akalala ubavu, na wengine wakamfuata, na kicheko chao kilikuwa na nguvu zile zile za kilio, hata jirani yangu Mzungu aliyekuwa ametoka nje kutuhurumia akarudi ndani amechanganyikiwa.

“Bon,” mama mchungaji akasema, anafungua sufuria. “Chakula haiwezi kurudi.”

Tulikula. Walipokuwa wakifunga vyombo alinivuta kando.

“Dada, leo rudisha yale makochi mu nyumba. Kuita kilio bila mufu, iko mkosi.”

“Hapana, mama.”

“Hata kwa leo tu?”

“Hata kwa leo. Jipya linakuja kesho.”

“Kichwa ngumu!” alisema, akinipiga begani. Lakini alinibusu kabla ya kuondoka.

Dada hakunibusu. Alipiga tena jioni ile ile, sauti imetulia, na dada akitulia ndipo wa kuogopwa.

“Sasa imekwisha,” alisema. “Umemfanyia mama kilio akiwa hai. Columbus nzima inacheka. Hata kama mimi ningekubali, unafikiri yeye atakubali kulala kwenye nyumba hiyo?”

“Chumba chake kiko tayari.”

“Toa hiyo mito. Tuanzie hapo. Onyesha kwamba umejifunza kitu.”

Ningeweza kukubali. Lingekuwa jambo dogo, mifuko miwili ya plastiki na safari moja ya duka la mitumba, na pengine lingenipa mama. Lakini niliyafikiria maisha yangu yote ya kusema ilikuja na kochi, nilipewa, si yangu. Kama mama angekuja, nilitaka aje kwa binti yake, si kwa mtu aliyesafishwa kwa ajili ya ukaguzi.

“Mito inabaki, dada,” nikamwambia.

“Basi baki nayo.”

Kochi jipya likaja. Lilikuwa zuri, na nililichukia, kwa sababu nililiona tupu. Siku zikapita kaka hapokei simu zangu. Nikatunga hotuba za kumshawishi, nzuri, zenye hoja zilizofuatana, na kila nilipozirudia jikoni nilisikia jinsi zilivyofanana na insha.

Ndipo asubuhi moja simu ikalia, namba ya kaka. Nikavuta pumzi niianze hotuba.

“Ni mimi,” ikasema sauti ya mama. “Marehemu.”

“Mama, nisamehe, mimi…”

“Nyamaza. Kaka yako amenieleza, lakini mwanaume hajui kusimulia kilio. Nisimulie wewe. Nani walikuja?”

Nikamweleza. Mama mchungaji, mama wa gari, yule mnene, wale wa West Side ambao hata majina yao siyajui vizuri.

“Walilia?”

“Walilia, mama.”

“Kwa sauti, au kwa kitambaa?”

“Kwa sauti. Jirani alitoka nje kuangalia.”

“Walileta nini?”

“Maharage. Ugali. Chai ya maziwa. Ndagala.”

“Ndagala!” Akalirudia jina hilo la dagaa wa ziwa letu. Nilisikia televisheni ya kaka ikijisemea nyuma yake. “Na hawanijui.”

“Hawajawahi kukuona.”

“Dada yako aliniambia huko huna watu.”

“Alisema hivyo, mama.”

“Mm.” Akakohoa, akasafisha koo kama anavyofanya kabla ya kuomba kitu mezani. “Nitakuja huko kwako. Kaka yako nimeshamwambia atafute tiketi. Dada yako mwambie wewe mwenyewe, mimi sitaki kelele.”

Akakata simu bila kuaga.