Motokari Kuukuu ya Yaya

Mwaka huu nilirudi Kasongo kumsalimu kaka yangu. Asubuhi ya kwanza tu, chai haijapoa, mtoto wake wa kiume alinisogezea simu usoni.

"Shangazi, angalia. Nimepata motokari."

Nikaangalia. Ilikuwa kamyoneti ya zamani, lile gari dogo la kubebea mizigo, pengine inamzidi hata baba yake umri, taa zake za mviringo, rangi ya kijani imebabuka, imeegeshwa kando ya ukuta huko Kabambare. Kijana amepata leseni juzijuzi. Wenzake wote wananunua pikipiki. Yeye kaziruka pikipiki zote, kachagua hii.

"Iko ya zamani, lakini moteri iko muzuri," akasema. "Mimi naipenda. Papa anasema tungoje neno lako."

Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa kwenye kigoda, anabangua karanga juu ya ungo, wala hakuinua kichwa. Na mimi, rafiki yangu, mwanamke mzima, mwalimu ambaye darasa zima husimama nikiingia, niliurudisha mkate kwenye sahani, nikajifanya natafuta miwani.

Ngoja nikueleze kwa nini.

Baba yetu alifariki ningali mchanga, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya mama, bibi, kaka na mimi. Kaka nilimwita yaya, kama tunavyomwita kwetu yeyote aliyekutangulia kwenye tumbo la mama. Alikuwa amenitangulia kwa mbali, kiasi kwamba mimi nilipokuwa najifunza kusoma, yeye sauti yake ilikuwa imeshakuwa nzito. Asubuhi zetu zilianza na adhana, kisha mchi wa mama ukitwanga sombe, majani ya mihogo, kisha harufu ya vitumbua vya bibi. Bibi alikuwa haongei na mtu mpaka kitumbua cha kwanza kiive, na cha kwanza alikuwa akinipa mimi. Wasichana wa rika langu walikwenda kuchota maji mtoni. Mimi niliachiwa ungo wa mchele nichague mawe, kwa sababu mguu wangu wa kushoto ulikuwa umepooza kwa ugonjwa tangu utotoni. Masista wa hospitali walinifunga chuma toka pajani hadi kisiginoni, na kiatu kizito chini yake. Goti halikukunjika. Nikikaa, mguu unatangulia mbele yangu kama mti ulioanguka njiani, na wapitaji wanauruka.

Masomo ya msingi, yaani shule, yalikuwa nyuma ya soko, hapo nilifika mwenyewe. Lakini nilipofaulu kwenda sekondari ya wasichana, ikawa shida. Ilikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye kilima, na kwa mguu wangu ningefika wakati wenzangu wanatoka. Mama akasema basi, nimesoma vya kutosha. Mwalimu wangu alikuja nyumbani na viatu vyake vya vumbi, akakataa hata kukaa. "Huyu mutoto mukimuacha hapa nyumbani, mutapata zambi," akasema, akaenda zake. Neno hilo lilikaa nyumbani kwetu siku nyingi, hakuna aliyeligusa.

Yaya alikuwa hajafika miaka ishirini. Alikuwa amelima mpunga bondeni misimu kadhaa, tena amezunguka na dereva mmoja wa lori mpaka akafundishwa kuendesha. Akiba yake ilikuwa na jina tayari: pikipiki. Jirani yetu alikuwa anauza ya kwake, nyekundu, karibu mpya. Kwa barabara zetu hizi, pikipiki ndiyo kila kitu. Inapita pale ambapo gari linazama, inakwenda Wamaza na kurudi, inamlisha mtu na kumwozesha. Wazee wote walimwambia hivyo, na yeye mwenyewe hakuhitaji kuambiwa. Nilimwona jioni moja anaipangusa pikipiki ya jirani kwa kanzu yake mwenyewe, na bado haijawa yake.

Jirani akasema, kabla ya kununua, mpandishe mdogo wako, umpeleke mpaka masomoni, uone. Nikapandishwa nyuma. Mguu wangu wa chuma ulitoka nje pembeni, maana haukukunjika. Tulishuka bondeni vizuri, nacheka, nimemkumbatia yaya kiunoni. Pale njia inapobana, chuma kikanasa kwenye kisiki. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka majani makavu mdomoni na sauti yangu mwenyewe: "Sipandi tena! Yaya, sipandi tena!"

Nilichubuka tu. Yaya alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, pikipiki akaiacha pale pale, jirani akaenda kuichukua. Mama aliponiosha, yaya alisimama mlangoni. Hakuwa anatazama damu. Alikuwa anatazama chuma.

Kesho yake aliondoka kwenda Kabambare bila kusema anafuata nini. Alirudi Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Tulisikia kwanza kishindo, kisha kelele za watoto, kisha ikatokea: kamyoneti nyeupe iliyokuwa imegeuka rangi ya udongo, inatoa mvuke puani, inakwenda polepole hata baiskeli zinaipita. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja marehemu, imelala miaka kwenye banda lake mpaka majani yakaota kupitia sakafu yake. Mjane wake alikuwa anaona haya kuiuza.

Mama aliweka kiganja shavuni. Jirani alicheka waziwazi. Bibi ndiye aliyeizunguka, tasbihi mkononi, akaigonga mlango kwa kidole kama anayebisha hodi.

"Umeleta muzee mu nyumba," akamwambia yaya. "Na muzee anakula kila siku, atumike ao asitumike."

Yaya alizunguka upande wa pili. Alinifungulia mlango wa mbele. "Panda. Nyoosha muguu wako."

Nikapanda. Mguu wangu ukanyooka wote na chuma chake, na nafasi ikabaki.

Sitakudanganya, nilifurahi. Nani asingefurahi? Kila asubuhi nilikaa mbele kama bibi harusi, nimeshika dumu la maji ya kupoza moteri, maana ilikuwa inakunywa maji kuliko ng'ombe. Kiti kilinuka esansi, yaani petroli, na karanga. Mlango wa upande wangu haukufunga, yaya aliufunga kwa kamba, akaukagua mara ya pili kabla ya kuondoka. Nyuma walijazana wasichana wengine wa masomo, wanaimba, na ikifika mlima wanaimba kwa nguvu zaidi ili kumpa muzee moyo. Akinishusha, yaya huenda kubeba mpunga na mihogo ya watu sokoni apate esansi ya kesho.

Kiangazi kimoja, wakati wa vakansi, masomo yamefungwa, alinipeleka Nyangwe, sisi wawili tu. Tulikaa karibu na mto Lualaba tukala samaki wa moshi kwa ndizi za kuchoma, vidole vyote vina mafuta. Wavuvi walikuja kuitazama motokari, yaya akawafungulia boneti, akawaonyesha hiki na kile kama mtu anayetambulisha ndugu zake. Siku hiyo alicheka sana. Mara nyingi najaribu kuishika siku hiyo, nimwekee yeye kama malipo. Haitoshi.

Kwa sababu mvua nazo zilikuja. Udongo wetu ukilowa unakuwa kama sabuni. Muzee alizama pale bondeni karibu kila juma, na akizama, watu wanashuka kusukuma. Wasichana wanafunga sare zao kiunoni. Yaya anatia bega. Siku moja mama, aliyekuwa anakwenda shambani, alitukuta pale, akatua kikapu akaingia matopeni pamoja nao. Mimi nilibaki juu. Nilifungua kamba niteremke, mama akapiga kelele kutoka nyuma: "Kaa! Ukishuka, tunasukuma nini?"

Alitaka nicheke. Wote walicheka. Nikakaa, nikawaona kwenye kioo kidogo cha pembeni, mama yangu na matope mpaka kifuani, yaya amefumba macho kwa kusukuma. Ilikuwa mara ya kwanza kuelewa kwamba kitu kile kizito hakikuwa motokari.

Yaya alikuwa na msichana Wamaza. Alikuja Kasongo siku za soko na mama yake kuuza karanga, na kila mara alipita kwetu, akanisuka nywele akiwa anamwongelea yaya bila kumtaja. Wazazi wake walikubali. Yaya akanunua mbuzi wa mahari mmoja mmoja, akawafunga nyuma ya nyumba, na bibi akawapa majina ya wajomba wa yule msichana, tukawa tunacheka: leo mjomba fulani kala nguo ya jirani.

Msimu wa mvua wa mwaka ule, sanduku la gia lilivunjika. Piyese ya kubadilishia ilikuwa Bukavu, na mimi mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia. Hakuna aliyefanya mkutano. Asubuhi moja nilitoka nje, nikakuta kamba tu zimelala chini. Mbuzi wote wamekwenda.

"Nitanunua wengine," yaya akamwambia mama. "Ule binti atangoja."

Ile pikipiki nyekundu ilikuwa imenunuliwa na kijana mmoja wa mtaa wetu. Mvua haikumzuia. Alikwenda Wamaza kila juma kununua karanga, akapita kwa wazee wale wale, akakaa kwenye viti vile vile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafika, basi. Kabla mvua hazijakatika, msichana yule akaolewa.

Habari ilifika kwetu mchana, imeletwa na wanawake wa soko. Yaya alikuwa chini ya motokari, anafunga ile piyese. Hakutoka. Jua lilipinduka, nikaona miguu yake tu, imetulia, hakuna sauti ya spana. Nilimchukulia sahani ya wali na maharagwe, nikainama kadiri chuma kilivyoniruhusu.

"Yaya, chakula."

"Weka hapo."

Nikaweka. Kuku wakaja wakaula ule wali na sikuwafukuza.

Asubuhi iliyofuata aliiwasha, akanifungulia mlango, akafunga kamba, akaikagua mara ya pili. Nikafanya mtihani. Nikafaulu. Baadaye nikaenda Kindu kwa masomo ya ualimu, nikapata kazi huko, nikaolewa huko. Muzee alikufa nikiwa mbali. Mafundi walimgawana, mmoja akachukua moteri kwa kinu cha mpunga. Yaya alioa akiwa amechelewa, mama wa kijana huyu, mwanamke mwema aliyeniandalia chai asubuhi ile. Yule wa pikipiki nyekundu siku hizi ana maduka. Yaya bado analima mpunga bondeni.

Watu huniambia mtoto hana kosa. Najua. Nimejiambia hivyo mara nyingi, tena kwa maneno mazuri kuliko yao. Lakini kulia kwangu siku ile njiani kulimchagulia mtu maisha, na maisha mazuri yaliyotoka humo nimeyaishi mimi.

Basi asubuhi ile, kijana alipoingia ndani kuchaji simu yake, nilimuuliza kaka yangu swali nililolibeba kutoka Kindu, na safari zote kabla ya hiyo.

"Yaya, ulijuta?"

Aliendelea kubangua. Nilitaka aseme hapana. Nakuungamia, nilikuwa nimeshaandaa hata machozi ya kumshukuru.

"Nilijuta," akasema. "Siku ile binti ya Wamaza aliolewa, nilijuta sana. Hata wewe nilikuchukia. Ulileta chakula, nikaona kile kiatu chako, nikasema mu roho, huyu angekufa na ile ugonjwa, mimi ningekuwa mutu."

Karanga zilianguka kwenye ungo, moja, nyingine.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu kukacha. Ulipaswa kwenda masomo."

Kijana akarudi. "Shangazi, unasema nini? Yule mwenye gari anangoja."

Nilikuwa nimekusudia kumpa fedha ya pikipiki mpya kabisa, nyekundu hata, kana kwamba deni la baba hulipwa kwa mtoto. Nikamuuliza badala yake, "Hii motokari unamununulia nani?"

Akashangaa. "Namununulia nani? Mimi mwenyewe. Naipenda tu."

Kaka yangu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alimtazama mwanawe kama mtu anayeona kitu ambacho hakujua kinauzwa. "Basi nunua," akasema. "Kama unaipenda, nunua."

Gari lilikuwa limeletwa hadi upande wa pili wa mji ili tulione, tukatoka kwenda. Tulipita pale palipokuwa na nyumba ya jirani. Sasa ni kiwanja cha majani. Mtaa mzima hausikiki mchi hata mmoja, sombe siku hizi inasagwa kwa mashine. Mama yuko kaburini, bibi yuko kaburini, na wasichana waliokuwa wakiimba mlimani sijui wangapi wangenitambua. Njia ya bondeni imechimbwa na mvua mpaka hata miguu inatafuta pa kukanyaga.

Kijana alitangulia, nusu anakimbia. Mimi na fimbo yangu nilifuata. Kaka yangu alikuwa ubavuni mwangu, miguu yake mizima, anapiga hatua fupifupi, anasimama nikisimama.

"Yaya, tangulia," nikamwambia. "Mutoto anakungoja. Mimi nitafika."

"Nitangulie niende wapi?" akasema, akaendelea kutembea mwendo wangu.