Hodi ya Ekzosi

Juzi nilikuwa natoka kununua dania karibu na stesheni ya Ilford, huku ughaibuni, gari la zamani la Kimarekani likapita likinguruma. Kabla sijajijua, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema karibu. Nikauziba kwa kiganja, watu wakaniangalia. Usinicheke, msomaji, ngoja nikueleze.

Gari kama hilo alikuwa nalo ami yangu Salim, mdogo wake baba. Tulikaa naye nyumba moja, pamoja na Bibi, mama yao, aliyeletwa kutoka Mombasa akiwa mtu mzima na baridi hakuizoea mpaka mwisho. Ami alikuwa nesi, mtu mzito wa maneno, lakini mbele ya lile gari aligeuka mtoto. Wenye magari kama hayo waliyaita magari ya misuli. Nililipapasa kila mahali nikiitafuta hiyo misuli, nisiipate.

Fahari yake ilikuwa ekzosi, bomba la moshi. Zamani, alinieleza, mtu akiagiza gari alichagua kiwandani: ekzosi ya kimya, au ile iliyokuja na kishikio kidogo chini ya dashibodi. Ukikivuta, vizibo ndani ya sailensa, lile kopo la kupunguza kelele, hufunguka na gari likanguruma, ukikirudisha, linatulia. Kila jioni, akifika kwenye kona ya mtaa wetu, ami alikivuta mara tatu. Ndiyo hodi yake. Bibi alitulea hivyo: hodi ni tatu, na usipoitikiwa ya tatu, usichungulie dirishani, rudi ulikotoka. Naye jikoni, mikono imejaa unga, aliitikia, "Karibu, mwanangu!" kana kwamba kule kwenye kona angesikika.

Mwaka mmoja sailensa zilioza kwa kutu, fundi akamtilia nyingine za kisasa. Jioni hodi ikapigwa, Bibi akaendelea kukanda unga.

"Huyo si wangu," aliniambia. "Wangu hana kikohozi."

Ami alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akahangaika miezi mpaka akapata zilizotoka kiwanda kile kile. Wenzake wa magari walikuwa wakibishana gari la nani ni orijino. Yeye alisema hana haja ya kubishana, ana mama.

Kisha ami akafa. Moyo ulimsimama akiwa kazini, na asubuhi ile ile alikuwa amenitania kwa vile nilivaa viatu kinyume. Gari lilikaa mbele ya nyumba kipupwe kizima. Nililiogopa sana. Nikipita kando yake nilihisi mtu amekaa ndani, mkono chini ya dashibodi, anangoja.

Jumamosi moja baba alisema, "Kuna mtu anakuja ku-view gari. Anataka kujua kama exhaust ni original." Wakatoka nalo kulijaribu. Mimi na Bibi tulikuwa jikoni tukikata mahamri, tukasikia kwenye kona: hodi. Hodi tena. Nilifungua mdomo niitikie, Bibi akaniziba kwa kiganja chake chenye unga. Hodi ya tatu. Machozi yake yalidondokea mahamri, na hakuitikia. Kule nje gari likanyamaza.

Waliporudi nilimvuta baba pembeni, nikamnong'oneza kwa Kiingereza kwamba yule mtu anadanganywa, ekzosi si yenyewe, maana Bibi hakuitikia. Baba aliketi kwenye ngazi na kuinamisha kichwa. Gari liliondoka siku hiyo hiyo.

Nilikaa na imani hiyo miaka mingi, kwamba Bibi hakuitambua ile sauti. Nimekuja kuelewa ukubwani, baada ya kumzika yeye pia. Aliitambua kuliko sisi sote. Alimnyima mwanawe karibu, hodi zote tatu, ili arudi alikoitwa. Na mimi juzi, na mfuko wangu wa dania, nusura nimkaribishe.