Watatu Kati ya Sita

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, kaka yangu Hamisi alishindwa kula wali wa mama, na Hamisi kushindwa kula lilikuwa jambo la kuitia majirani. Alikuwa anaposa. Baba wa binti, kule Magomeni, alileta neno: Jumapili baada ya alasiri waje wazee watatu, wasizidi, na wasipofika, wapo wengine wanaobisha hodi.

Sisi tulikuwa na wazee sita wa kupeleka posa, na magomvi yao matatu. Kila mzee alikuwa na mwenzake asiyesemezana naye. Baba mdogo Selemani na shangazi Mwanaidi walishawahi kuzozana msibani, maiti bado yumo ndani, kisa mkeka. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse sebule ya mkwe.

Baba aliingiwa na hofu. Akanigeukia mimi, msichana wa kidato cha sita niliyekuwa nikisoma hesabu za kuchagua, hizo mnazoita kombinesheni.

"Nipangie watatu wasiogombana," aliniambia. "Ukikosea, kaka yako kakosa mke."

Nikachukua karatasi na kalamu. Watatu kati ya sita, bila masharti, ni njia ishirini. Ukiwatenganisha wanaonuniana, unachukua mmoja katika kila jozi: mbili mara mbili mara mbili, njia nane. Nikahakikisha kwa mabano. Kila jozi niliipa bano lake, moja jumlisha mbili x. Ile moja ni kuwaacha wote wawili, ile mbili x ni kumchukua mmoja kati ya wawili. Nikazidisha mabano yote matatu, na mbele ya x yenye kipeo cha tatu ikasimama nane ileile. Katika hizo nane baba akachukua njia moja, yenye shangazi Mwanaidi, maana shangazi mbele ya wakwe ana ulimi wa asali. Akatoka kwenda kuwaarifu hao watatu.

Baba mdogo Selemani akabaki nje. Huyu ndiye aliyemlea Hamisi miaka ile baba alipougua, akamsomesha kwa vitunguu vya Kariakoo.

Nililala roho juu, nikidhani nimekosea mahali. Asubuhi nikakatisha Mnazi Mmoja mpaka kwa mwalimu wangu wa hesabu, Mama Jaya, mama wa Kihindi asiyependa porojo. Nikamwambia shikamoo, nikampa karatasi, nikamweleza shida yetu.

"Hesabu ni sahihi," alisema. "Lakini binti, ukichagua watatu kati ya sita, umechagua pia watatu wa kuachwa. Ndiyo maana jibu halibadiliki, uhesabu wanaokwenda au uhesabu wanaobaki. Hao wanaobaki, nani amekwenda kwao?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi umefanya nusu ya kazi. Kimbia."

Nilikimbia viatu mkononi. Kariakoo ya Jumamosi unaijua. Wasukuma mikokoteni walinitukana mpaka nikazoea. Nikampata baba, naye hakubisha, akavaa kofia tukaondoka. Mzee wa kwanza alituelewa. Wa pili alinuna, kisha akacheka. Tulipofika kwa baba mdogo, tulimkuta anachambua vitunguu. Habari ilikuwa imemfikia kabla yetu, kwa wapagazi wa sokoni.

Baba alimweleza, akamwomba radhi mbele ya wateja.

"Si kitu, kaka," alijibu, macho kwenye gunia. "Nendeni salama."

Posa ilikubaliwa na harusi ikafana. Baba mdogo alikuja, akala, akatoa zawadi nono kuliko ya mtu yeyote. Ila tangu siku ile hakumwita tena Hamisi "mwanangu". Alimwita "Bwana Hamisi", kwa adabu zote, kama anavyoitwa mteja, mpaka tulipomzika. Kaka yangu sasa ana wajukuu, na ukimwita Bwana Hamisi anaondoka barazani.

Mwanangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Utapewa kuchagua: wa kamati ya harusi, wa kushika duka, wa kuosha maiti wetu. Usidanganywe na hesabu kutoka sawa. Kabla hujawapelekea habari njema waliochaguliwa, funga safari kwa walioachwa, uwaeleze kwa mdomo wako, kabla soko halijawaeleza. Wakikukaripia, shukuru. Anayekukaripia bado ni wako.

Mungu akupe macho ya kuwaona wanaobaki nyuma, na miguu ya kuwahi kufika kwao. Na wewe, siku yako ya kuachwa itakapofika, maana hufika kwa kila mtu, akuletee wa kukubishia hodi mapema. Amina.