Gari Lililozibwa Pua

Mume wangu alifariki akiacha gari la haibridi, lile linalotumia petroli na umeme, katika miaka ile ambayo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakimiminika nchini. Pale Korogwe hatukuwa na jirani mwenye gari kama lile. Betri yake kubwa imelala nyuma ya kiti cha nyuma, na ubavuni mwa kiti kuna matundu ya kuingizia hewa ya kuipoza. Kila kiangazi mume wangu alifungua kifuniko cha matundu yale, akasugua feni ya ndani kwa brashi ya rangi. Aliniambia vitu viwili vinaua betri ile: joto, na gari kukaa muda mrefu bila kuwashwa.

Kwa hiyo nilipokuwa katika eda nilitoka uani kila Ijumaa nikaliwasha, nikakaa ndani likinguruma. Wifi zangu wakasema mjane hana hata haya, anachezea gari la marehemu.

Eda ilipoisha, shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kutoka Mkata. Hakukaa.

"Nimefuata ufunguo," alisema. "Gari ni la ukoo."

"Gari ni la watoto wa ndugu yako, shemeji."

"Watoto wa ndugu yangu ni wangu."

Mama mkwe alikuwepo, macho chini. Nilitoa ufunguo kwa ajili yake. Nikamwambia shemeji asizibe yale matundu ya kando ya kiti.

"Mwanamke atanifundisha gari?" alijibu, akaondoka.

Akalifanya la mizigo. Alilaza kiti, akapakia mahindi mpaka darini, akapita barabara za vumbi za Handeni madirisha wazi. Kabla ya masika likamzimikia Segera, taa nyekundu zimejaa kwenye dashibodi. Akalivuta kwa lori hadi mlangoni kwangu, amekuja na wazee wawili wa ukoo.

"Huyu alibadilisha betri kabla ya kunipa," aliwaambia wazee. "Au kaliroga. Kila Ijumaa alikuwa anakaa humo peke yake, anafanya nini?"

Nilileta bisibisi, nikafungua kifuniko mbele yao. Feni ilikuwa imegandamana na pumba za mahindi na vumbi jekundu, haizunguki hata kwa kidole. Nikakomba uchafu kiganja kizima, nikamshikisha mzee mmoja.

Mzee aliutazama, akasema, "Hizi ni pumba."

"Pumba haziui gari," shemeji alisema. "Mchawi huyu. Abaki na mzoga wake." Akatupa ufunguo mchangani.

Niliuokota. Niliuza mbuzi wangu wote, nikalipeleka gari Dar es Salaam. Fundi alifungua betri, akakuta seli chache ndizo zilizokufa kwa joto, akaziondoa na kuweka nyingine. Nilirudi nikiliendesha mwenyewe, na nililitumia kwa miaka mingi.

Mama mkwe aliniomba mara mbili nipatane na mwanawe. Nilimwambia, "Mama, nitakutunza wewe. Yeye hapana." Nilimtunza mpaka mwisho, na gari hilo ndilo lililompeleka hospitali. Msibani kwake, shemeji alikaa nje na wanaume, mimi ndani na wanawake. Siku zote za matanga hatukusalimiana, na hadi leo hatujasalimiana.