Kadi Iliyonunuliwa kwa Kisu

Jirani yangu Insaf, fundi cherehani wa hapa mtaani kwetu Muharram Bey, hajawahi kununua tikiti maji bila muuzaji kulichoma kisu kwanza, naye aone kama ni jekundu ndani. Alhamdulillahi, tabia hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Binti yake Nihali amejifungua huko Oslo, na sherehe ya siku ya saba ya mtoto, anapotikiswa ndani ya ungo huku kinu cha shaba kikigongwa, ilikuwa Ijumaa, baada ya Alasiri. Insaf alitaka kuiona kwenye kompyuta yake ya mezani, ile inayotumia mfumo wa Linux. Lakini mtandao uko kwangu, ghorofa ya nne, naye yuko ya pili, kwa hiyo ilimpasa kuwa na kadi ya Wi-Fi, ya kunasa mtandao bila waya. Akanunua moja, akaichomeka. Kimya! Kompyuta haikuiona kabisa.

Ijumaa ilipofika akaipakia kompyuta kwenye kigari cha kusukumia mtoto alichomnunulia mjukuu, akaifunika shali, tukapanda tramu. Mama mmoja akainama kuchungulia.

"Mashallah! Wa kike au wa kiume?"

"Kompyuta," Insaf akajibu.

Nilicheka hadi pumzi zikanikata, Mungu anisamehe.

Dukani alikoinunua kadi, Shukri mwenye duka akashika kiuno. "Hajati, sanduku limeandikwa inafanya kazi!"

"Hata tikiti bovu nje ni la kijani, mwanangu. Linux inajuana na chipu ya ndani, haijuani na jina la sandukuni. Leo nanunua kwa kisu. Fungua."

"Zote?"

"Mpaka nione jekundu."

Shukri akaguna, akaleta bisibisi, akaifungua kompyuta na kuanza kuzijaribu moja moja. Kadi ya kwanza, patupu. Ya pili ina sanduku pacha na la kwanza, ila chipu ya ndani ni nyingine, nayo patupu. Alasiri ikaadhiniwa, tukaswali kwa zamu nyuma ya maboksi. Insaf akanishika mkono. "Watamtikisa mtoto kwenye ungo bila mimi."

Ya tatu ikakubali. Majina ya mitandao yakamiminika kwenye skrini!

"Jekundu!" Vigelegele vyake vilisikika hadi barabarani.

Kurudi nyumbani tusingewahi. Shukri akatuunga na mtandao wa duka, akachomeka kamera, na huyo Nihali, na mtoto ndani ya ungo! Kinu cha shaba cha kugonga hawakuwa nacho Oslo. Basi Shukri akachukua bisibisi, akagonga kopo la skrubu, kang kang kang, wateja wakipiga makofi.

"Msikilize mama yako!" Insaf akamwambia mtoto, kama ilivyo desturi. "Usimsikilize baba yako!"

"Wala mwenye duka na masanduku yake!" akadakia Shukri, huku anagonga.